Alec Issigonis: Kijana aliyekimbia Smyrna akaja kuubunia ulimwengu gari dogo

Katika barabara kuu ya M1 inayotoka Lilongwe kuelekea kaskazini, kupitia Lumbadzi hadi wilaya ya Dowa, magari madogo ya Kijapani yaliyokwisha kutumika ni sehemu ya mandhari ya kila siku. Yapo Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan March, Honda Fit, na Toyota Sienta yenye safu tatu za viti. Hupakia wanafunzi na watumishi wa umma asubuhi, na jioni hurudi na magunia ya mahindi, madumu ya mafuta ya kupikia na watoto waliolala. Mengine hukata kona kuelekea Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo kati ya kilomita 40 na 50 kutoka mji mkuu huo wa Malawi, ambako Kiswahili husikika sokoni, makanisani na misikitini.

Ukifungua boneti ya gari lolote kati ya hayo, kwa kawaida utakuta injini imelazwa kwa upana, kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta gari. Wengi hawaoni ajabu yoyote katika mpangilio huo. Hata hivyo, ndio unaofanya gari lenye urefu usiofika mita 4 liweze kubeba watu wazima wanne na mizigo yao.

Mtu aliyeufanya mpangilio huo ujulikane duniani kote alikuwa Alec Issigonis, mhandisi aliyebuni gari la Mini. Historia humkumbuka kama Mwingereza aliyepewa hadhi ya Sir. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliingia Uingereza akiwa kijana asiye na baba, akitokea katika mji ulioteketea.

Kutoka Smyrna hadi London

Alexander Arnold Constantine Issigonis alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 katika mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki. Wakati huo ulikuwa chini ya Dola ya Osmani, na ndani yake waliishi Waturuki, Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi na Wazungu wa mataifa mbalimbali. Baba yake, Constantine, alikuwa Mgiriki aliyemiliki kiwanda cha uhandisi wa meli. Mama yake, Hulda Prokopp, alitoka katika familia yenye asili ya Bavaria, Ujerumani, iliyoendesha kiwanda cha bia mjini humo. Kwa sababu ya uhusiano wa ukoo wa baba na Waingereza waliojenga reli ya Smyrna, familia ilikuwa na uraia wa Uingereza.

Uraia huo ulikuja kuamua maisha yake. Mwezi Septemba 1922, vita kati ya Ugiriki na Uturuki vilipofikia mwisho, majeshi ya Uturuki yaliingia Smyrna na sehemu kubwa ya mji ikateketea kwa moto. Maelfu kwa maelfu ya watu walisongamana gatini bila kujua wangekwenda wapi. Familia ya Issigonis, kwa kuwa ilikuwa na hati za Uingereza, ilichukuliwa na wanajeshi wa majini wa Uingereza na kupelekwa kisiwani Malta. Alec alikuwa na umri wa miaka 15. Nyumba, kiwanda na mali vilibaki nyuma.

Baba yake alifariki huko Malta. Mwaka 1923 mama na mwana waliendelea na safari hadi Uingereza, nchi ambayo kijana huyo alikuwa raia wake lakini hakuwahi kuishi. Hulda alimlea peke yake, na wawili hao waliishi pamoja kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Issigonis hakuoa kamwe.

Alijiunga na chuo cha ufundi cha Battersea, London, kusomea uhandisi. Alikuwa hodari wa kuchora lakini hesabu zilimshinda: alifeli mtihani wa somo hilo mara tatu. Chuki yake dhidi ya hesabu tupu ilidumu hadi uzeeni. Alifikiri kwa penseli, na michoro aliyoichora kwa mkono mtupu kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu ndiyo waliyopewa wasaidizi wake waigeuze kuwa vipimo kamili.

Kwa mtu aliyekuja na kasoro hiyo, milango ingeweza kufungwa mapema. Lakini alikuwa raia, na nchi ile ilikuwa na viwanda vingi vya magari vilivyohitaji wachoraji. Alianza kazi katika ofisi ya uhandisi mjini London, kisha akaajiriwa na kampuni ya Humber huko Coventry, na mwaka 1936 akahamia kampuni ya Morris, Cowley, karibu na mji wa Oxford.

Gari lililokatwa katikati

Katika miaka ya 1930 Issigonis na rafiki yake George Dowson walitumia jioni zao kujenga gari dogo la mashindano kwa mikono yao wenyewe. Badala ya fremu nzito ya chuma, bodi yenyewe, iliyotengenezwa kwa mbao nyembamba zilizofunikwa bati la alumini, ndiyo iliyobeba uzito. Na katika mfumo wa kupunguza mtikisiko walitumia mpira. Mambo mawili aliyojifunza kwenye gari hilo, wepesi na matumizi ya mpira, yalirudi katika kazi yake miaka 20 baadaye.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alianza kubuni gari la familia ya kipato cha kawaida kwa ajili ya siku za amani. Lilitambulishwa mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Earls Court, London, kwa jina la Morris Minor. Kabla ya uzalishaji kuanza, Issigonis aliliona jembamba mno machoni pake. Aliamuru gari la mfano lipasuliwe katikati kwa urefu, vipande viwili vikasogezwa mbali kidogo kidogo hadi umbo lilipomridhisha. Pengo lilikuwa inchi 4, yaani sentimita 10, na ndivyo gari lilivyotengenezwa. Katika boneti ya magari hayo palibaki ukanda bapa katikati, alama ya uamuzi huo.

Mmiliki wa kampuni, William Morris, aliyejulikana kama Lord Nuffield, hakulipenda hata kidogo. Wanunuzi walimpinga. Morris Minor lilikuwa gari la kwanza la Uingereza kutimiza magari milioni moja, na lilipoacha kutengenezwa mwaka 1971 idadi ilikuwa imepita milioni 1.6. Wauguzi, makarani na maofisa wa serikali za kikoloni walilitumia, kwa kuwa lilikuwa dogo bila kuwafanya wenyewe wajione wamedhalilika.

Mwaka 1952 Morris iliunganishwa na mshindani wake Austin, ikazaliwa kampuni ya British Motor Corporation, BMC. Issigonis aliondoka na kwenda Alvis, ambako alibuni gari kubwa la kifahari ambalo halikuwahi kutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka 1955 mkuu wa BMC, Leonard Lord, alimwita arudi.

Mafuta yalipoadimika

Tarehe 26 Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitaifisha Mfereji wa Suez. Mwishoni mwa Oktoba, Israel, Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Misri, na mfereji ukafungwa. Meli za mafuta kutoka Ghuba hazikuweza kupita. Mwezi Desemba serikali ya Uingereza ilianza kugawa petroli kwa kuponi, na mgao huo uliendelea hadi Mei 1957.

Kwa mara ya kwanza tangu vita, Mwingereza wa kawaida alijiuliza gari lake linakunywa lita ngapi. Soko likajaa vigari vidogo mno kutoka Ujerumani, vingine vya magurudumu matatu, vilivyobeba watu wawili kwa kubanana. Vilikula mafuta kidogo, lakini havikuweza kubeba familia. Lord alivichukia. Mwezi Machi 1957 alimwagiza Issigonis aweke kando miradi mingine yote na kubuni gari dogo la kweli, lenye nafasi ya watu wazima wanne. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba injini ichaguliwe kati ya zile ambazo BMC ilikuwa tayari inazitengeneza.

Issigonis alianza na abiria. Urefu wote wa gari ulipangwa kuwa kama futi 10, yaani mita 3 hivi, na futi 6 kati ya hizo zilitengwa kwa ajili ya watu. Injini na vyote vilivyosalia vilipaswa kujibana katika nafasi iliyobaki. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa yamebuniwa kinyume chake: injini na giaboksi vilipewa nafasi kwanza, na abiria wakakaa palipobaki.

Jinsi nafasi ilivyopatikana

Ufumbuzi wake ulikuwa mkusanyiko wa maamuzi madogo, kila moja likiokoa sentimita chache.

Kwanza, injini ya silinda nne, ambayo kwa kawaida ilikaa kwa urefu, aliizungusha na kuilaza kwa upana. Pili, giaboksi, badala ya kuwa nyuma ya injini ambako ingeingia miguuni mwa abiria, aliiweka chini ya injini, na vyote viwili vikatumia oili moja. Tatu, kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yaliyoendeshwa, hapakuwa na haja ya mhimili mrefu wa kupeleka nguvu nyuma, na sakafu ikawa karibu bapa. Radiata nayo ikahamishiwa ubavuni mwa injini.

Magurudumu yalileta tatizo lingine. Tairi za kawaida zilihitaji nafasi kubwa iliyomegwa kutoka katika chumba cha abiria. Issigonis aliomba kampuni ya Dunlop itengeneze tairi za rimu ya inchi 10 tu. Kwa magurudumu madogo kiasi hicho, springi za chuma zisingefaa vizuri, kwa sababu gari jepesi hubadilika mno uzito wake pale watu wanne wanapoingia. Rafiki yake, mhandisi Alex Moulton, alibuni springi za mpira zilizokuwa ndogo, na ambazo zilizidi kuwa ngumu kadiri mzigo ulivyoongezeka.

Hata milango ilipimwa kwa jicho hilohilo. Vioo havikushuka ndani ya mlango bali viliteleza kwa pembeni, kwa hiyo uwazi wa mlango ukawa mfuko mkubwa wa kuwekea vitu. Matokeo yake, karibu asilimia 80 ya eneo la sakafu ya gari lilikuwa la watu na mizigo.

Mifano ya kwanza ilikuwa ikitembea kufikia Oktoba 1957. Injini ya awali ilionekana kulipa gari kasi ya kupita kiasi, ikapunguzwa hadi sentimita za ujazo 848. Mwezi Julai 1958 Lord alipanda mojawapo, akazunguka nalo kwa muda mfupi, na akaagiza liwe limeanza kutengenezwa ndani ya miezi 12. Tarehe 26 Agosti 1959 lilitangazwa kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor, kwa bei isiyofika pauni 500 pamoja na kodi. Urefu wake ulikuwa mita 3.05.

Dogo, lakini la kazi

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Majaribio mengi yalikuwa yamefanyika katika majira ya ukame, na mvua zilipofika wamiliki waligundua kwamba maji yanaingia kupitia maungio ya sakafu. Wateja waliolengwa, wafanyakazi wa kipato cha chini, walilitilia shaka. Kwao gari la maana lilikuwa lile lililoonekana la maana.

Mambo mawili yalibadili fikra hizo. Matajiri na wasanii wa London walilipenda, kwa kuwa liliingia katika kila upenyo wa maegesho. Tangu hapo udogo haukuwa tena alama ya uhaba. Kisha John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, akaliongezea nguvu mwaka 1961. Mini Cooper ikashinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, ikiyashinda magari yenye injini kubwa zaidi.

Lakini sifa iliyowagusa watu wengi zaidi ilikuwa ya kikazi. Mapema katika miaka ya 1960 yalitolewa matoleo ya kubebea mizigo: gari lililofungwa nyuma bila madirisha, pikapu ndogo, na gari la familia lenye milango miwili ya nyuma. Lile lisilo na madirisha lilihesabiwa na sheria ya Uingereza kuwa gari la biashara, hivyo halikutozwa kodi ya ununuzi. Vijana wengi na familia changa walilinunua kwa sababu hiyo, wakakalisha watu nyuma walikopaswa kukaa masanduku.

Biashara yenyewe haikuwa na faida iliyolingana na sifa hizo. Wahandisi wa Ford walinunua Mini moja, wakaifungua hadi skrubu ya mwisho, na kukadiria kwamba BMC ilikuwa ikipoteza kama pauni 30 kwa kila gari. Bei ilikuwa imepangwa kumfurahisha mnunuzi bila hesabu ya kina ya gharama. Udhaifu huo ulikuja kuigharimu kampuni baadaye.

Issigonis mwenyewe alipanda ngazi. Mwaka 1961 alifanywa mkurugenzi wa ufundi wa BMC. Gari lake lililofuata, la 1100, lililotoka mwaka 1962, lilifuata kanuni zilezile kwa ukubwa zaidi kidogo, na kwa miaka kadhaa lilikuwa miongoni mwa magari yaliyouzwa zaidi Uingereza. Mwaka 1967 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi mashuhuri wa nchi hiyo. Aliyefeli hesabu mara tatu sasa alikaa pamoja na wanahesabu. Mwaka 1969 alipewa hadhi ya Sir.

Ukaidi na gharama yake

Sifa iliyomfikisha Issigonis hapo, yaani kuamini jicho lake kuliko maoni ya wengine, ndiyo pia iliyomkwamisha.

Hakuamini utafiti wa soko. Hakupenda redio ndani ya gari, wala viti laini. Aliona kwamba dereva aliyestarehe sana husahau kuwa makini. Wamiliki wa Mini walilalamikia viti vilivyosimama wima, usukani uliolala kama wa basi na kelele za injini, na kwa miaka mingi majibu yalikuwa machache. Gari lake kubwa la mwaka 1964, Austin 1800, lilisifiwa kwa nafasi yake, likachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya, lakini wanunuzi hawakulikimbilia. Austin Maxi ya mwaka 1969 nayo haikufikia matarajio.

Hapa kuna somo ambalo maisha yake yanalitoa kwa uwazi kuliko michoro yake. Katika gari dogo, kuokoa nafasi kulikuwa faida ambayo kila mtu aliihisi magotini. Katika gari kubwa, ambalo nafasi ilikuwapo tayari, watu walitaka starehe na umbo, na hapo Issigonis hakuwa na la kuwapa. Alimjua vizuri mtu mwenye mahitaji mengi na nafasi ndogo, lakini mwenye uwezo wa kuchagua apendacho hakumwelewa vilevile.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alirudia kazi aliyoijua. Alibuni mrithi wa Mini, mradi ulioitwa 9X: gari fupi kuliko Mini, lakini lenye nafasi zaidi ndani, injini mpya na mlango wa nyuma unaofunguka kwa kuinuliwa. Mwaka 1968 BMC iliunganishwa na Leyland, uongozi mpya ukaelekeza fedha kwingine, na mradi huo ukazikwa. Miaka michache baadaye, Fiat, Renault, Volkswagen na Ford zote zilikuwa zikiuza magari madogo ya kuvutwa na magurudumu ya mbele yenye mlango mpana wa nyuma. Mini ya Issigonis haikuwahi kuupata mlango huo.

Alistaafu rasmi mwaka 1971, na mama yake alifariki mwaka uliofuata. Aliendelea kuwa mshauri wa kampuni kwa miaka mingi, akichora nyumbani kwake Birmingham huku afya yake ikidhoofika.

Kutoka Longbridge hadi Lilongwe

Haki inataka isemwe kwamba Issigonis hakuwa wa kwanza kulaza injini kwa upana. DKW ya Ujerumani ilifanya hivyo mwaka 1931 kwa injini ya silinda mbili, na Saab ya Sweden ikafuata mwaka 1949. Wala mpangilio wake wa giaboksi chini ya injini haukudumu, kwa kuwa ulikuwa na kelele na mgumu kutengeneza. Mhandisi wa Fiat, Dante Giacosa, aliiweka giaboksi ubavuni mwa injini katika gari la Autobianchi Primula la mwaka 1964, kisha katika Fiat 128 ya mwaka 1969. Mpango wa Giacosa ndio unaotumika leo karibu kote.

Kilichobaki cha Issigonis ni kanuni ya kumpima mtu kwanza. Wajapani waliichukua kwa bidii. Honda ilitoa N360 yake mwaka 1967, gari dogo lililofuata njia hiyo. Nissan March ilikuja mwaka 1982, Mazda Demio mwaka 1996, Toyota Vitz mwaka 1999. Katika Honda Fit ya mwaka 2001, tangi la mafuta lilihamishwa kutoka nyuma na kuwekwa chini ya viti vya mbele, ili viti vya nyuma vikunjwe hadi sakafuni na mzigo mrefu uweze kuingia. Ni uamuzi ambao Issigonis angeutambua mara moja.

Baada ya miaka kadhaa barabarani Japani, magari hayo husafirishwa Afrika Mashariki na Kusini. Yanayokwenda Malawi, nchi isiyo na bahari lakini inayoendesha upande wa kushoto kama Japani, mara nyingi hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa hadi mpaka wa Songwe. Ushuru wake hutegemea, pamoja na mengine, ukubwa wa injini na umri wa gari, jambo linalompa mnunuzi sababu ya kuangalia injini ndogo hata kabla hajafikiria petroli.

Na petroli yenyewe ni kitendawili. Malawi hupokea mafuta yake kupitia bandari za nchi jirani na huyalipia kwa fedha za kigeni ambazo mara kwa mara hupungua. Nchi imeshuhudia foleni ndefu katika vituo vya mafuta mwaka 2011, mwaka 2022 na tena mwishoni mwa 2024 hadi 2025. Thamani ya kwacha ilipunguzwa kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Hali iliyoikumba Uingereza kwa miezi michache baada ya Suez imekuwa ya kujirudia Lilongwe, mji uliopangwa kwa nafasi pana baada ya kufanywa makao makuu mwaka 1975, ambako kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni mwendo.

Katika hali hiyo, kuhama kutoka gari kubwa kwenda dogo si suala la mtindo. Swali ni lilelile la mwaka 1957: watu wangapi watakaa ndani siku ya kawaida, watabeba nini, na kwa barabara gani? Mwenye kusafiri na mwenzi na watoto wawili ndani ya mji hupata katika Vitz, yenye urefu wa kama mita 3.6, karibu kila anachokihitaji. Mwenye familia ya watu sita au saba hupata katika Sienta, yenye urefu wa kama mita 4.1, viti saba ambavyo zamani vilihitaji basi dogo, ingawa viti vyote vikijaa watu nafasi ya mizigo hubaki finyu.

Barabara ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Magurudumu madogo huokoa nafasi lakini hayasamehe mashimo, na gari dogo lililojazwa watu na gunia la kilo 50 hushuka karibu na ardhi. Kwenye lami ya M1 hilo halina shida. Katika njia za udongo za Dowa, kati ya Novemba na Aprili mvua zinaponyesha, ndilo linaloamua kama safari itafika. Issigonis alibuni kwa ajili ya lami ya Uingereza. Anayenunua Malawi hana budi kukagua pia uwazi uliopo chini ya gari na upatikanaji wa vipuri.

Karatasi iliyomfungulia njia

Huko Dzaleka, hesabu hiyo ina kipengele kingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza katika utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Idadi imepita 50,000, wengi wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda. Baiskeli na pikipiki za abiria, zinazoitwa kabaza, ndizo hubeba sehemu kubwa ya safari fupi. Kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali Lilongwe, au mfanyabiashara anayefuata bidhaa, nafasi moja katika gari dogo la abiria ndiyo inayoiunganisha kambi na mji.

Malawi iliweka mipaka katika baadhi ya haki za Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, zikiwamo za kufanya kazi na kuishi popote nchini. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka. Kijana wa miaka 15 anayefika hapo leo huku nyumba yake imeteketea anafanana kwa mengi na Alec Issigonis wa mwaka 1922. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni hati. Ile iliyomtoa gatini Smyrna ndiyo iliyomruhusu kusoma, kufeli, kusoma tena, na hatimaye kuajiriwa mahali ambapo penseli yake ingeonekana.

Issigonis alifariki Birmingham tarehe 2 Oktoba 1988, akiwa na umri wa miaka 81. Mini ya mwisho ya muundo wake ilitoka kiwandani Longbridge tarehe 4 Oktoba 2000, baada ya magari zaidi ya milioni 5.3. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jopo la kimataifa la kuchagua gari la karne lilikuwa limeiweka ya pili, nyuma ya Ford Model T pekee.

Jina la gari hilo lilibaki kwa kampuni ya BMW, ambayo mwaka 2001 ilianza kuuza Mini mpya, ndefu kuliko ya kwanza kwa zaidi ya nusu mita, na matoleo yaliyofuata yakazidi kukua. Kwa hiyo anayetafuta leo kazi ya Issigonis jinsi alivyoikusudia, gari fupi, jepesi, lenye nafasi kwa watu wanne na mizigo yao ya kila siku, ataipata kwa urahisi zaidi katika yadi za magari yaliyotumika za Lilongwe, ndani ya magari ambayo hayana jina lake wala la Mini.